Fungate ya Vitanda Vinne

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Kliniki imejaa. Jumatatu ni hivyo kila wiki. Watu hung'ang'ana na jino wikendi nzima kwa karafuu na chumvi, kisha wanatuletea Parklands uso umevimba kama andazi. Daktari anadunga sindano ya ganzi, mimi mapokezi naimba wimbo wangu: usile mpaka ganzi iishe, utajiuma shavu na hutajua. Leo nimeusema mpaka ulimi umechoka. Lakini nimeusema nikicheka.

Mume wangu. Nimeandika tena: mume wangu. Bado sijazoea. Asubuhi Mwaura alinifunga vifungo vya gauni mgongoni, akaruka kimoja, akafungua vyote akaanza upya, tukachelewa kazini sote wawili. Nampenda mpaka naona haya.

Kesho nakwenda mjini kwa wakala wa safari. Kamati ya harusi ilibakiza kitu, na mwenyekiti akatangaza mbele ya watu: hicho ni cha hanimuni, kisiguswe. Wenzetu huenda Naivasha wakarudi. Sisi tunapanda meli! Meli yenye vyumba na bendi, kutoka Mombasa mpaka Unguja na Dar, na kurudi. Mwaura aliliona tangazo kwenye gazeti la kufungia misumari pale dukani anapouza. Akaniletea limetobokatoboka. Nimelikunja nikaliweka ndani ya Biblia.

Jumanne, 5 Oktoba

Ofisi iko ghorofani, karibu na Biashara Street, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe ni mama wa Mombasa, Mwanaisha, mnene, sauti ya asali. Ananiita bibi harusi. Nilitaka kumkumbatia.

Ameniambia mengi. Nayaweka hapa yasipotee. Chumba kiwe katikati ya meli, tena chini, huko haiyumbi sana. Chanjo ya homa ya manjano ni mapema, siyo siku ya kuondoka, na kadi yake usiitenge na kitambulisho. Tufike Mombasa jana yake, meli haimngojei mtu wa Nairobi. Nguo ya kubadilisha na dawa ziwe kwenye begi la mkononi, maana mizigo mikubwa huletwa chumbani baadaye. Tangawizi kwa kichefuchefu. Na tiketi iandikwe jina la kitambulisho, yaani Nekesa wa kwetu Bungoma, siyo Bi. Mwaura. Hilo liliniuma kidogo.

Kisha akauliza, "Sasa bibi harusi, mwataka chumba cha fungate au cha familia?"

Sikutaka kuonekana mshamba. Fungate. Kufunga, kufungwa. Nikakiona hicho chumba: kimefungwa, hakina dirisha, kiko karibu na injini. Nikajibu upesi, "La, si fungate. Cha familia." Nikasema kwa maringo. Kwani sisi si familia?

Akanitazama. "Haya. Familia."

Nimerudi kazini nikipaa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Tulikwenda na Mwaura kumalizia malipo. Mwanaisha akatuonyesha picha ya chumba. Vitanda vinne. Viwili chini, viwili juu, na ngazi ya chuma kama bweni la shule. Dirisha hakuna.

Mwaura akasema, "Kwani tunaenda na nani?"

Nikamuuliza Mwanaisha kile cha fungate kikoje. Akacheka mpaka akashika kifua. Fungate ndiyo hanimuni, mwanangu. Zile siku saba za maharusi kujifungia ndani. Kitanda kimoja kikubwa, dirisha, maua mezani.

Nilipata B ya Kiswahili. Methali nilijua zote. Fungate hatukufundishwa, au siku hiyo nilikuwa mgonjwa.

Vyumba vya fungate vimekwisha vyote. Ametuandika, mtu akighairi tutapigiwa simu. Chumba cha familia kinalipiwa kizima, ulale mmoja mlale wanne. Tumelipa.

Mwaura hakukasirika. Alinishika mkono ngazini. Nilitaka kulia, machozi hayakutoka. Mdomo tu ulikuwa mzito.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya kanisa tulikwenda Waithaka kwa mama mkwe. Hatujavuka geti, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanikumbatia mpaka nikasikia mbavu.

"Mami, eti mnanipeleka kwa meli! Mimi? Na hizi magoti?"

Nikamtazama Mwaura. Alikuwa anamtazama ng'ombe.

Alimwambia jana kwa simu. Safari ya familia, vitanda viwili vimebaki, njoo na Wairimu. Wairimu ni dada ya Mwaura, hajaolewa, anauza viatu Gikomba. Mimi sikuulizwa.

Nilitabasamu. Nilisema tumefurahi sana. Nilikula viazi na njegere na nyama. Sikusikia ladha yoyote. Ilikuwa kama kutafuna karatasi.

Mama hajawahi kuona bahari. Mumewe alimwahidi, akafa kabla. Hilo alilisema akinawa mikono, kama mtu anayetaja bei ya maziwa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mama na Wairimu wamechanjwa. Walipitia kliniki kunionyesha. Mkono wa Mama umevimba, unawaka moto. Anautembeza kama medali. Aliwaonyesha hata wagonjwa kwenye benchi, na wale wenye ganzi wakatikisa kichwa, hawawezi kujibu.

Wairimu alinivuta kando. "Sasa wewe, hii ni hanimuni ama ni kesha ya kanisa? Mimi nitalala kitanda ya juu nikiimba pambio, ama?"

Nikamweleza habari ya fungate. Yeye pia hakulijua neno. "Si hiyo ni mambo ya Ramadhani? Kufunga?" Tulicheka. Yaani yeye alicheka. Mimi nilitoa sauti.

"Ambia bwanako aongee na Mama," akaniambia. "Mimi mathe hanisikii, na nikisema atadhani ni wivu."

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimemwambia Mwaura. Nilingoja amalize kula. Nilisema wazi: sitaki kulala na mama yako chumba kimoja siku zangu za kwanza za ndoa. Mwambie.

"Nitamwambia."

Nikauliza lini.

"Nitamwambia, sweetie. Si nimesema?"

Akaosha vyombo vyote, hata sufuria ambazo hazikuwa chafu. Sikasiriki. Natafuta hasira siioni. Nikijifinya napata ngozi tu.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Kliniki imefungwa. Mwaura akasema leo ndiyo leo, twende Waithaka.

Tukaenda. Akakata nyasi za ng'ombe. Akafunga bawaba ya geti. Akala. Akazungumza na Mama juu ya bei ya pumba. Kila aliponyanyua kichwa nilidhani sasa. Mama akaleta gauni jipya la maua ya zambarau na kofia, akauliza kama huko melini watu hula wamevaa kofia. Mwaura akasema, "Kofia iko sawa, Mama."

Hicho tu ndicho alichosema kuhusu meli.

Tukarudi kwetu Uthiru jioni. Alininunulia mahindi ya kuchoma. Nikayashika mpaka yakapoa.

Naandika wazi, hakuna atakayesoma: sitaki aende. Ni mtu mzuri, hajanikosea, na sitaki aende.

Jumamosi, 23 Oktoba

Leo limetokea.

Mama alitakiwa kupeleka picha kwa Mwanaisha, za kibali cha kuvuka mpaka. Mwaura yuko dukani, kwa hiyo nikampeleka mimi. Mama alivaa koti la kanisa. Alipanda ngazi polepole, akishika ukuta. Mwanaisha amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini maneno hayajapungua. Akampigia hesabu ya tangawizi, akamwambia alale kitanda cha chini kwa sababu ya magoti, asinywe chai nyingi kabla ya kulala.

Kisha akacheka, hakujua kwamba Mama halijui neno. "Ama nyinyi watu wa bara! Bibi harusi naye aenda fungate na mama mkwe!"

Mama akauliza, "Fungate ni nini?"

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitazama feni. Mwanaisha akaeleza yote, na maua, na kitanda kimoja, na siku saba, na jinsi nilivyokataa neno lenyewe siku ya kwanza. Kwake ni kichekesho.

Mama hakucheka. Alizitazama picha zake ndogo zilizokuwa mezani. Akasema, "Kumbe." Akazikusanya moja moja akazirudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Picha huziachi, mama?" Mwanaisha akauliza.

"Hii moja imenitoa vibaya. Nitaleta ingine."

Tukashuka. Njiani akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema mimi ni mwembamba. Mpaka kituoni, hayo tu.

Jumanne, 26 Oktoba

Mama amempigia Mwaura. Haendi. Ng'ombe anakaribia kuzaa na hawezi kumwachia jirani. Wairimu abaki naye amsaidie.

Mwaura alikuja nyumbani akipiga mluzi. Akaninyanyua nikiwa na kisu cha vitunguu mkononi. "Unaona? Nilikwambia itajipanga yenyewe. Mungu ametumia ng'ombe!"

Anaamini. Uso wake ulikuwa umekunjuka kabisa, kama mtoto aliyesamehewa mtihani.

Nikampigia Wairimu. "Ng'ombe gani azae? Si alipandishwa, mimba ikakataa! Daktari wa mifugo anarudi mwezi ujao." Kisha akanong'ona. "Usiambie Mwaura. Mathe amesema mtu asimwambie."

Sikumwambia.

Nimepata nilichotaka. Nimekaa nacho mezani. Sihisi kitu.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mwanaisha amepiga simu. Maharusi fulani wameahirisha, chumba chao kimebaki. Na familia moja ya Parklands inataka chetu cha vitanda vinne. Tumebadilishana. Kitanda kimoja. Dirisha. Maua, amesema, atayasimamia yeye mwenyewe.

Akauliza kuhusu picha ya Mama. Nikamwambia Mama haendi. Akashusha sauti. "Ni mimi, siyo? Ni ulimi wangu." Nikamwambia siyo yeye. Ulikuwa ulimi wake kidogo. Na kunyamaza kwangu. Na kunyamaza kwa Mwaura zaidi.

Usiku huu mume wangu anakunja shati zake kwenye begi la mkononi, kama Mwanaisha alivyosema. Anakunja vizuri. Bado nampenda. Lakini sasa najua kitu kumhusu. Kuna maneno hataweza kuyasema kamwe, na itabidi mtu mwingine ayabebe. Mama ameyabeba miaka yote. Sasa ni zamu yangu. Hakuna aliyenieleza haya siku ya harusi, na wazee walisema mengi.

Ijumaa, 5 Novemba

Tunaondoka jioni. Kadi za chanjo, vitambulisho, tiketi, vidonge, tangawizi. Vyote viko.

Asubuhi nilikwenda Waithaka peke yangu. Mwaura alisema atampigia simu tu. Nilimkuta Mama akimkamua ng'ombe. Mnyama ni mwembamba, tumbo limebana. Mtu hahitaji kusomea. Mama aliniona nikilitazama hilo tumbo. Akaendelea kukamua.

"Anazaa lini?" nikauliza.

"Akitaka."

Akacheka kwanza yeye. Kisha nami. Ilitoka kweli, safari hii.

Akakunja mkono wa sweta akanionyesha pale alipochanjwa. Uvimbe umeisha, imebaki alama ndogo. "Hata nikae hapa Waithaka, hiyo homa yao hainipati tena. Pesa yenu haijapotea, mami."

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema mwaka ujao. Akanitangulia. "Hiyo dirisha mlipata?"

"Tulipata, Mama."

"Basi uniangalilie. Watu husema maji ya bahari hayana mwisho. Baba Mwaura alikuwa anabisha. Alisema lazima iko mahali inaishia. Uangalie uniambie nani alikuwa sawa."

Nikasema nitaangalia.

Akanipa nduma alizochemsha alfajiri, zimefungwa kwa gazeti na kitambaa, za kula njiani. Na ile kofia. Akasema kama watu hula wamevaa, nivae. Kama hawavai, nivae hata hivyo.

Sasa niko nyumbani Uthiru. Mabegi yako mlangoni. Mwaura amekwenda kununua betri za kamera. Nimefungua nduma, nimemenya moja hapa jikoni nimesimama. Bado ina uvuguvugu. Ina chumvi kidogo, na ladha ya udongo, na kwa mbali moshi wa kuni.

Nimekula ya pili.