Krimu ya Ndanu

Jumatatu, 13 Januari

Nimetwanga singo ya kumsugulia bi arusi baada ya sala ya alfajiri. Liwa, maganda makavu ya chungwa, waridi, asmini, karafuu. Karafuu nilizonunua Marikiti hazina harufu, nimetia vijiko viwili badala ya kimoja.

Rukia, mjukuu wangu, ameanza leo kukaa ndani. Nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mama yake ametangulia mbele ya haki, hivyo kazi ya kumsinga ni yangu. Nimeamua asubuhi na jioni, kwa kuwa siku ni chache. Zamani tulimalizia kwa mafuta ya nazi. Nimeyaacha. Yanachafua mashuka.

Analalamika: "Nyanya, wanisugua kama sufuria."

Nimemjibu kwamba sufuria haiolewi.

Amekuja na kopo jeupe. Krimu ya kulainisha ngozi. Imetengenezwa na Ndanu, mwenzake katika duka la dawa pale Makadara. Ndanu huipika jikoni kwake Tononoka na kuwauzia wanawake. Ni mtu wa bara. Sina ubaya na watu wa bara. Nina ubaya na kopo lisiloeleza lilikotoka.

Jumatano, 15 Januari

Rukia alipokuwa akioga nimelichukua kopo na kulisoma kwa miwani. Kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu: maji, glisirini, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, nta ya kuunganishia. Maji ndiyo ya kwanza. Kumbe tunauziwa maji.

Halafu kuna jambo jingine. Maji na mafuta hayapatani. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na hata watoto wa darasa la pili walilijua hilo. Ndani ya kopo hili yamepatana. Meupe, mazito, hayana tabaka. Harufu hakuna. Kisicho na harufu kina la kuficha.

Naijua mikorogo ya kujichubua. Jirani yangu mmoja alijipaka, mashavu yakawa mekundu, kisha yakawa meusi kuliko alivyozaliwa. Mpaka leo anatembea amejifunika uso.

Nimejipaka krimu hiyo mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Nitakuwa nikijipaka kila siku. Rukia hajui.

Ijumaa, 17 Januari

Mikono ya Rukia imekuwa myekundu. Shingo pia. Akipaka krimu anafumba macho kwa mwasho. Leo hata maji ya kuoga yamemwasha, maji matupu ya ndooni. Basi sumu imekwisha kuingia ndani.

Nimelifungia kopo kwenye kasha langu. Ameniomba ufunguo. Nimemnyima. Jioni nimemsinga kwa nguvu zaidi, ili kuitoa.

Mkono wangu wa kushoto hauna kitu. Ngozi ya kizee ni ngumu. Au sumu yenyewe ni ya polepole.

Jumamosi, 18 Januari

Siku mbaya.

Bi Zuhura, shangazi wa bwana arusi, amekuja kumtazama bi arusi. Hatukumtarajia. Ameishika mikono ya Rukia, akaigeuza kama mtu anayechagua samaki.

"Bi Salma, huyu mtoto amejichubua? Kwetu hatuoi rangi ya dukani."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia mjukuu wangu hajajichubua, ametiliwa sumu na Ndanu wa Tononoka, yule wa duka la dawa. Nilitaja jina. Nilitaja na mtaa.

Bi Zuhura alikunywa kahawa yake akaondoka upesi. Mtu anayeondoka upesi hivyo ana pa kwenda.

Kopo limo kashani tangu jana, na mikono yake leo ni mibaya zaidi. Hilo silielewi.

Jumapili, 19 Januari

Ndanu amekuja mwenyewe, baada ya kutoka kanisani. Msichana mfupi, amevaa nadhifu, amebeba mkoba. Aliniamkia vizuri. Wanawake watatu wamemrudishia makopo tangu jana jioni. Mmoja amemwambia mlangoni kwamba anaua watu. Mwenye duka naye amemwita kesho asubuhi ajieleze.

Sikumkaribisha kiti. Aliketi.

Alitoa bilauri, akatia maji na mafuta, akatikisa. Yakatengana. "Hii iko na maji chini na mafuta juu," akasema. Nikamwambia: ina maji. Akarudia, "Ina maji," bila kununa. Hilo nalo lilinitia shaka.

Kisha akaomba jiko. Akayeyusha chembe za nta nyeupe ndani ya mafuta, akachemsha maji, akamimina huku akikoroga. Mbele ya macho yangu vikawa maziwa.

"Hii nta ni mshenga, Mwalimu. Mkono mmoja ameshika maji, mwingine ameshika mafuta. Akiondoka, wanaachana."

Nilimuuliza kila kitu kimoja kimoja, kama mkaguzi. Glisirini ni ya nini? Ni kuli: huvuta maji na kuyaleta kwenye ngozi, na ndiyo maana hunata kidoleni. Mafuta ya nazi? Hujaza nyufa kati ya magamba ya ngozi, nayo magamba hulala. Nta ya nyuki? Hufunga mlango ili maji yasitoke. Ndiyo maana mtu apake akiwa bado na unyevu wa kuoga. Akipaka mwili mkavu, kuli hana maji ya kubeba na mlango unafungwa nyumba ikiwa tupu.

"Na mwasho?"

Aliutazama ukuta wangu, pale chokaa ilipobanduka na mawe kuonekana. Akasema ngozi ina mafuta yake yenyewe, ndiyo chokaa yake. Ikibanduka, kila kitu hupenya, na hata maji matupu huwasha. "Mimi naongeza chokaa. Wewe, Mwalimu, unabandua asubuhi na jioni. Tena kwa karafuu."

Rukia alicheka nyuma ya pazia. Nilimsikia.

Sikumwamini. Mtu aliyeshitakiwa lazima ajitetee. Lakini nimempumzisha Rukia na singo, nimempaka mafuta ya nazi tu. Singo nimeihamishia mkono wangu wa kulia. Asubuhi na jioni, kwa nguvu zilezile. Kushoto krimu, kulia singo. Tutaona.

Jumanne, 21 Januari

Mkono wa kulia ni mwekundu. Sabuni inauchoma. Nimeosha bakuli leo nikauma meno.

Mkono wa kushoto una siku saba za krimu. Laini. Hauna hata kipele.

Rukia ameanza kupoa tangu singo ilipokoma.

Nimekosea. Naandika tena ili nisije nikajidanganya: nimekosea. Krimu haikumdhuru mtoto. Nilimdhuru mimi, kwa mikono yangu na vijiko viwili vya karafuu. Nimefungua kasha. Nimempa kopo lake. Nimemwambia sababu. Alinikumbatia, jambo ambalo sikulistahili.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda kwa Bi Zuhura asubuhi. Nimepandisha mkono mmoja wa kanzu, kisha wa pili, nikamwonyesha mikono yangu yote miwili.

"Bi Salma, uzee wote huu na bado wafanya majaribio?"

Nikamwomba anitajie nyumba alizopeleka maneno yangu. Alijaribu kusema hazipo. Nilimtazama jinsi nilivyowatazama wanafunzi. Zikawa nne.

Nimekwenda zote nne kwa miguu, kwa jua hili la kaskazi. Kila mlango nimeonyesha mikono. Kila mlango nimesema neno lile lile: Ndanu hana kosa, kosa ni langu. Nyumba ya tatu walicheka. Acha wacheke. Kisha nikaenda Makadara kwa mwenye duka, nikayarudia mbele ya wateja. Ndanu alikuwa akipanga dawa rafuni. Hakugeuka.

Ijumaa, 24 Januari

Rukia ameolewa. Mikono ilipona kiasi cha kutiwa hina. Bi Zuhura aliishika tena, akasema ni laini.

Jumapili, 26 Januari

Nyumba kimya. Kinu nimekiosha na kukianika.

Ndanu alipita baada ya kanisa. Wanawake wawili wamerejea kwake. Wa tatu hajarejea, na huenda asirejee. Hakunilaumu. Ameniomba jambo moja: niandike upya vikaratasi vya makopo yake, kwa mwandiko wa kusomeka.

Nimeandika ishirini. Viungo vitano, na kazi ya kila kimoja. Paka mwili ukiwa na unyevu. Chini kabisa nimeongeza mstari ambao hakuniomba: Ikiwasha, kumbuka kwanza ulichojisugulia.

Aliusoma, akakunja vikaratasi taratibu, akavitia mkobani. Ameniachia kopo.

Nimeoga. Nimejipaka mkono wa kulia kabla haujakauka.