Sikukuu za Mama Baada ya Mama

Hyderabad, Desemba

Dada yangu mpendwa Vasundhara,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini shemeji Prabhakar hajambo, Tanvika anaipenda shule na kachanga kameanza kulala. Huku sisi tu wazima. Baba anakula ukimwekea sahani mbele, usipoiweka, hakumbuki. Nami nakwenda kazini na kurudi. Barua hii nimempa Srikar, rafiki wa shemeji, anayerudi Muscat kesho. Nimeona niandike kwa kalamu, maana kwenye simu unaniuliza kama nimelia, nasi tunaishia kuzungumzia mvua.

Uliniuliza kwa nini Mama bado anapika kwenye simu za watu. Unajua kazi yetu ilivyo. Kampuni inasimamia chaneli za mamia ya watu wanaojirekodi video, Mama akiwa mmoja wao, inawatafutia matangazo na kuwapangia watoe nini lini. Sikukuu ndiyo mavuno yetu, kwa hiyo tunarekodi mapema. Mwezi wa sita Mama alivaa sari ya hariri, akafunga mapazia mchana kweupe, akawasha taa za Diwali huku mvua inamwagika nje. Jirani Suguna akachungulia, akamuuliza kama kichwa kiko sawa. Mama akamjibu, "Usiwaambie miungu, watadhani wao ndio wamechelewa." Wiki hiyo alimaliza kurekodi sikukuu zote: Dasara, Diwali na Sankranti ya Januari. Mwezi uliofuata moyo wake ukasimama akiwa jikoni. Wewe daktari alikuwa amekukataza kuinuka kitandani kwa ajili ya mimba, na hukumwona hata alipobebwa.

Diwali ilipofika nyumba yetu ilikuwa giza, kama inavyotakiwa mwaka mzima kwa waliofiwa. Hatukuwasha taa wala kukaanga kitu. Jioni hiyohiyo Mama akatokea kwenye chaneli, taa zimemzunguka, anawatakia watu heri. Shangazi Ratnamala akampigia Baba simu. "Kwenu giza, na marehemu anatuwashia taa sisi. Mwambie basi apite na huko." Baba alicheka kidogo, kisha akaenda kuoga bila kuchukua taulo.

Mimi sikucheka wala sikuudhika. Kutwa namtazama Mama kwenye kompyuta. Naona watazamaji wanaondokea wapi. Nakata kikohozi chake. Akicheka, idadi inapanda, nami naandika: kicheko kiwekwe mwanzoni. Halafu nakwenda kunywa chai. Wenzangu wananiita jasiri, lakini kweli ni kwamba sisikii kitu, kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi. Unajua jino linang'olewa, basi.

Watazamaji hawajui kilichotokea. Mkuu wetu kazini, kaka Chalapathi, alisema tusubiri sikukuu zipite. Zamani Mama aliwajibu mwenyewe. Sasa nawajibu mimi kwa jina lake. Mama, sari hiyo umenunua wapi? Mama, sukari guru ikiganda nifanyeje? Najibu kama ambavyo angejibu yeye, na hakuna aliyeshtuka.

Wiki iliyopita kaka Chalapathi alitukusanya. Alisema baada ya Sankranti video za Mama zitakuwa zimekwisha, lakini siku hizi kompyuta inaweza kuchukua sura na sauti ya mtu, ikampikisha vyakula vipya miaka na miaka, mradi familia ikubali. Aliniangalia kwa upole. Si mtu mbaya. Alimbeba Mama begani mpaka kwenye kuni za kumchomea. Nilikuwa karibu kusema sawa. Kila kitu siku hizi nasema sawa.

Ndipo akaonyesha ukutani maneno ya mtazamaji mmoja, kuthibitisha kwamba watu hawatagundua. Yalikuwa chini ya video ya Diwali: "Mama, mguu unauma bado?" Na jibu: "Umepona, mwanangu. Wewe kula vizuri, usijichoshe." Kaka Chalapathi akasema, "Mnaona? Anaongea naye kama mtoto wake wa kuzaa."

Jina lililoandikwa pale lilikuwa la Tanvika. Lakini binti yako bado anaandika herufi kubwakubwa za shule, na mguu wa Mama uliokuwa ukimuuma hatukuwahi kuuonyesha kwenye video yoyote. Nikakumbuka kwamba siku moja baada ya Diwali ulinipigia simu ukiwa mchangamfu kuliko miezi yote hii. Nilidhani mtoto amelala vizuri.

Dada, aliyekujibu ni mimi. Nilikuwa nawajibu watu harakaharaka, sikutazama jina. Nisamehe.

Nilisimama mbele ya wote nikamwambia kaka Chalapathi kwamba familia haikubali, na video ya Sankranti haitatoka. Aliniambia nikae nifikirie. Nikamjibu nimeshafikiri. Ukinijulisha kwamba barua imefika, nitawaandikia watazamaji ukweli, na akitaka kunifukuza anifukuze. Sikutaka uusomee huko, katikati ya watu baki wanaouliza habari za sari.

Mama amefariki, dada. Mguu haukupona. Ni mara ya kwanza nayaandika maneno haya, na imenibidi niiweke kalamu chini kwanza.

Msalimie sana shemeji, mkumbatie Tanvika, na kachanga ukabusu kwa niaba yetu sote. Baba anakuombea kila asubuhi. Nipigie, hata ukiwa na hasira. Nitapokea.

Mdogo wako,
Himabindu