Shangazi Aliondoka Kabla Sijafika Kwenye Ndiyo

Somo Biasha, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na nakuomba usicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mama yangu alianza kwa kulia akamaliza kwa kucheka, kisha akakumbuka kwamba mwenye mkasa ni bintiye wa kumzaa, akarudi kulia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, kwetu ni Bongwe, na tangu mwaka wa kwanza nimo kwenye jukwaa la wanafunzi tunaojadili mambo ya jamii, tunakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja hapa Ukunda, tunazungumza juu ya dawa za kulevya na mimba za wanafunzi na vijana kukosa kazi na njia za kuteremkia pwani zinazozibwa kwa kuta, na Somo nakwambia kweli, kabla ya jukwaa nilikuwa siwezi kuuliza swali darasani hata kama mwalimu amekosea jina langu, lakini sasa nasimama mbele ya watu, namsikiliza ninayempinga mpaka amalize, na nimebadilisha mawazo yangu mara nyingi kuliko ninavyokubali nikiwa nyumbani.

Tunayo kanuni moja ambayo mwenyekiti wetu Masila anaishika kama roho yake, nayo ni kwamba kabla hujatoa maoni yako utaje kwanza maoni ya wanaokupinga, uyataje vizuri mpaka wao wenyewe waridhike, kisha uyajibu moja moja, ndipo mwisho kabisa useme wewe umesimama wapi. Sasa Jumamosi moja mada yetu ilikuwa kimya cha msichana anayeposwa, kwa sababu wewe unajua kwetu msichana akiulizwa akanyamaza huhesabiwa amekubali, na mwenzetu Yusra akasimama akaeleza kwamba dada yake aliulizwa akanyamaza kwa hofu tu, wazee nje wakasema Alhamdulillahi, na mpaka leo dada yake yumo katika nyumba ambayo hakuitaka. Nikaapa moyoni kwamba siku yangu ikifika, kama ni kukubali, nitakubali kwa mdomo wangu.

Siku yangu ikafika kesho yake. Wazee wa Jaafar walikuja kuniposa Jumapili baada ya alasiri. Jaafar si jina lake, nimelibadilisha ili asijulikane, ni fundi wa friji na viyoyozi katika mahoteli ya Diani, kwao Msambweni, ana mwanya na pikipiki nyekundu. Wazee wakakaa barazani na baba na wajomba zangu, mimi nikawekwa chumbani nimejifunika leso, na Shangazi Maimuna, dada yake baba, ndiye aliyetumwa kuja kuniuliza.

“Mwanangu,” akaniambia, “wako wageni nje, wamekuja kwa ajili ya Jaafar. Wasemaje?”

Nilichotakiwa ni kuinamisha kichwa tu, na chozi moja likidondoka ni heri zaidi. Lakini nilimkumbuka dada yake Yusra, nikasimama.

“Shangazi,” nikasema, “wako watakaosema kwamba mimi bado nasoma, na kwamba msichana akiolewa kabla ya kumaliza chuo huenda asimalize kamwe.”

“Ee?”

“Wako pia watakaosema kwamba Jaafar hakufika chuo kikuu, na kwamba Msambweni ni mbali na mama.”

“Ee. Na lingine?”

“La tatu, wako watakaosema kwamba mamake Jaafar ni mkali.”

Hapo Shangazi akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akanishika bega kwa huruma. “Basi, mwanangu. Nimefahamu. Usijichoshe.”

Nikadhani anakwenda kufunga dirisha. Somo, nilikuwa ndio kwanza naijibu hoja ya pili, peke yangu chumbani, niliposikia viti vinaburutwa na wageni wanaaga, na mahamri hayajaguswa.

Shangazi aliwaambia kwa adabu kwamba binti bado anasoma, lakini ile hoja ya tatu nayo imefika Msambweni, sijui ilipitia wapi. Jaafar aliniandikia mara moja tu, “Nimesikia. Ungeniambia mwenyewe,” na sikujua nimjibu nini nikanyamaza, na sasa nasikia wazee wake watakwenda kuposa Mwabungo Ijumaa baada ya swala. Baba anasema jukwaa limeniharibu, nitoke. Na huko jukwaani ndiko nilikozidi kuharibu, maana habari zilipofika Masila alinipokea mlangoni kwa makofi, “Manze, umeweza! Umewakatalia wazee laivu!” na Yusra akanikumbatia akilia, akasema laiti dada yake angalikuwa na ulimi kama wangu, nami nikakosa pa kuanzia, nikanyamaza tena, na Jumamosi hii wameniweka mzungumzaji mkuu nieleze jinsi nilivyosema hapana.

Nifanye nini? Nitoke jukwaani kama anavyotaka baba? Nizungumze Jumamosi? Nimwendee Jaafar mwenyewe, na watu waseme msichana amejipeleka? Silali vizuri, sili vizuri, na limebaki jambo moja sijakueleza, nalo ni kwamba Jaafar nampenda.

Ni mimi,
Binti wa Bongwe

SOMO BIASHA ANAJIBU

Marahaba, binti wa Bongwe. Uliniomba nisicheke. Nilijitahidi mpaka kwenye dirisha.

Kwanza nikupongeze kwa kumficha Jaafar. Fundi wa friji, wa Msambweni, mwenye mwanya na pikipiki nyekundu: hakika hakuna atakayemjua. Salamu zangu zimfikie, na majirani zake wote wanaomsomea ukurasa huu sasa hivi.

Sasa tuje kwa Shangazi Maimuna, maana naona kwenye barua yako umemwachia sehemu ya lawama. Mtoe. Mwanamke yule aliingia chumbani na masikio yaliyotayarishwa kupokea kimya. Katika maisha yake yote, msichana anayetaka huinama, na anayefungua mdomo ni yule anayetafuta pa kutokea. Wewe ulifungua mdomo, tena ukapanga sababu, tena ukafika hata kwa mama mkwe! Ulitaka afikiri nini, kwamba unamsifu? Alikuona mtoto wa kaka yake anahangaika kutafuta maneno ya kukataa, akakuhurumia, akakupunguzia kazi. Huo ni upendo. Upendo huo ulikosea wakati tu.

Na jukwaa pia litoe. Mimi chuo kikuu nimekiona kwa nje, nikipita, lakini macho ninayo. Lilikuchukua ukiwa huwezi kusahihisha jina lako mwenyewe, likakufanya msichana anayeweza kumsikiliza asiyekubaliana naye mpaka mwisho. Wako watu wazima hapa kwetu, wengine wana viti vikubwa na vitambi vya kuvijaza, ambao hawajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho tangu wabaleghe. Jumamosi mbili tu hapo ukumbini zingewafaa sana. Baba yako mwambie hivyo, kwa upole, akishakula. Na kanuni ya Masila ni nzuri, sina neno nayo, inawafaa watu waliokaa vitini na wasioruhusiwa kutoka mpaka mzungumzaji amalize. Shangazi yako hajajiunga.

Wala usinifahamu vibaya ukadhani nakwambia ungenyamaza. Dada yake Yusra alinyamaza, na kimya chake kilisomwa na watu waliokwisha kuamua kimeandikwa nini. Ulivyotaka kukubali kwa sauti yako ulikuwa sawasawa kabisa, na ndiyo maana nakasirika kwamba uliiacha sauti hiyo njiani. Maana angalia kilichobaki sasa huko Bongwe: watu wamejifunza kwamba msichana akisema, amekataa. Atakayefuata akitaka kusema ndiyo kwa mdomo wake, shangazi yake atainuka kwenye neno la kwanza. Mlango uliotaka kuwafungulia wenzako umeufunga kwa kitasa, na ufunguo bado uko mkononi mwako.

Hapa ndipo nakugombeza, kaa vizuri. Ulipokea makofi ya hapana ambayo hukuisema. Yusra alikulilia begani, msichana mwenye jeraha la kweli nyumbani kwao, nawe ukamwachia machozi yake yaende kwenye jambo ambalo halikutokea. Jukwaa lilikufundisha kubadili mawazo mbele ya watu, na siku ulipohitaji kusema “jamani, mmekosea habari,” ukawa yule yule wa mwaka wa kwanza. Na Jaafar je? Uliyeapa kutokubali kwa kimya ulimpa kimya. Nakwambia mtu aliyekasirika haandiki “ungeniambia mwenyewe.” Aliyekasirika huandika “sawa,” kisha hubadilisha picha yake ya simu. Huyo aliyekuandikia amekaa mahali fulani na bisibisi mkononi, ameifungua friji ya watu na hakumbuki ameifungulia nini.

Basi fanya hivi.

Leo, nasema leo, nenda kwa Shangazi Maimuna kwa miguu yako, pamoja na mama yako. Usimpigie simu. Ukifika mpe shikamoo, na kabla hujakaribishwa kuketi sema: “Shangazi, jibu langu ni ndiyo. Jaafar namtaka.” Kisha nyamaza. Hapo ndipo mahali pa kimya. Utataka kuongeza sababu, nakujua sasa, usiongeze hata moja mpaka akuulize. Akianza kujilaumu, mwambie aliyekosea ni wewe, ndiyo yako uliiweka mwisho, naye akaondoka ungali mwanzo. Umwombe yeye, si wajomba, apeleke habari Msambweni, kwa sababu yeye ndiye aliyeitoa hapana nje, na ni heshima yake airudishe ndiyo kwa mkono wake mwenyewe. Akifika atajua la kusema. Mwanamke aliyeweza kuwafukuza wageni kwa adabu hivyo hawezi kushindwa kuwarudisha.

Mkiwa njiani mwandikie Jaafar. Hujajipeleka kwa mtu aliyewatuma wazee wake kwenu, umemjibu tu. Mstari mmoja: “Nilikubali. Shangazi aliondoka mapema.” Atafahamu, na asipofahamu atapiga simu, na hilo ndilo tunalolitaka.

Mamake mwachie. Siku utakayoingia jikoni kwake utamwamkia, utakalia mbuzi, utakuna nazi mpaka akwambie inatosha, na hoja ya tatu hutaijibu wala hutaitaja. Yeye ataitaja. Wewe endelea kukuna nazi.

Jukwaani usitoke. Jumamosi simama kama ulivyopangiwa na uanze na neno hili: “Sikukataa.” Masila atasema umevunja kanuni. Mwache aseme, atazoea. Waeleze yote, pamoja na viti na mahamri, wacheke, kisha wageuzie swali ambalo sasa unalijua kuliko wote: msichana afanye nini ili ndiyo yake isikike ni ndiyo, na kimya chake kisichukuliwe na kila mwenye haja nacho? Yusra mwombe radhi kwanza, pembeni, kabla ya ukumbi. Halafu mwalike Shangazi Maimuna awepo. Sidhani ni mara yake ya kwanza kutumwa chumbani. Aulizwe huwa anatazama nini msichana akiinama, na kama amewahi kutoka chumbani na shaka akaimeza. Huenda akawa na la kuwafunza, na huenda akaondoka na la kufikiria, na nyote mtakuwa mmefaidika. Mwekee kiti cha mbele, mbali na mlango.

La mwisho. Barua yako ni ndefu, binti, na nimeisoma yote kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nimepita kwenye dawa za kulevya, nimepita kwenye kuta za pwani, nimepita kwa Masila na kanuni yake, na neno “nampenda” nimelikuta mstari wa mwisho kabisa, limejikunyata kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Ningekuwa shangazi yako ningekuwa nimekwisha kwenda kufunga dirisha. Lianze hilo. Hoja nyingine Jaafar atazisikia maisha yake yote, na nampa pole mapema.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Wazee wanakwenda Mwabungo kesho. Na kama bado umekaa hapo unasoma ili uone kama nina hoja ya pili, sina. Inuka uende kwa Shangazi.