Baruti kwa Kipimo Chako

Dell wangu,

Sasa hivi binti yetu Marnie ameokota ganda la risasi, akalipuliza kama filimbi, vile ulivyomfundisha. Nimemnyang'anya. Ananuna chini ya meza, amevaa vile vizibo vyako vikubwa vya masikio.

Nakuandikia hapa uwanja wa shabaha, nikingoja zamu yangu kwenye mashindano ya kaunti. Upepo wa Wyoming ni ule ule. Mama yako mzima, anakusalimu.

Risasi nimezijaza baruti mwenyewe gereji, kwa mashine yako. Juzi Mzee Orville, msimamizi wa hapa uwanjani, aliona bastola inavyonirusha mkono, akacheka.

"Binti, hiyo baruti imepimwa kwa bastola ya mumeo! Yako ni nyepesi. Acha niipunguze kwenye mashine."

"Usiguse, mzee. Dell akirudi akute kipimo chake kama alivyokiacha."

"Haya, endelea kukosa shabaha kwa ajili ya mtu asiyepiga hata simu."

Na kweli ninakosa. Dada yako anasema umeshapata nyumba nyingine huko kwenye visima vya mafuta, Dakota. Leo nimekuandikisha na wewe, na boksi lako la risasi nimelijaza, liko hapa karibu nami.

Orville anapaza sauti: "Tressa! Njoo mstarini, mama, unatuchelewesha!"

Naenda. Jina lako linafuata langu. Nitawaomba wasilikate mpaka watu wote wamalize, maana huenda hata sasa uko njiani, na ukifika utalikuta bado lipo.