Boksi Namba Moja

Mtani wangu Shomari,

Leo hakuna salamu. Ungekuwa hai ningekuita Mzaramo mvivu wa pwani, wewe ungeniita Mnyamwezi punda wa mizigo, kisha tungeulizana habari za nyumbani kama watu wenye akili zao. Leo nimekaa kwenye karakana yangu hapa Ipuli, randa nimeiweka pembeni, na nina hasira na wewe. Nimejaribu kuwaeleza watu hasira hii, na kila ninayemweleza ananijibu vilevile: mtani hakasirikiwi.

Mimi nimekasirika, Shomari. Tena sana.

Ngoja nianze na msiba wako, maana wewe ndiye pekee ambaye hukuuona. Homa ile uliyosema ukilala itaisha ndiyo iliyokuchukua, na hakuna aliyekuwa amejiandaa. Ndugu zako walipofika kutoka Kisarawe walinitazama mimi, Kashindye, wakisubiri nifanye kazi ya mtani. Nikaifanya. Nilivaa kofia yako ya bluu na koti lako la mvua, nikapita katikati ya turubai kwa mwendo wako, tumbo linatangulia, nikadai chai kwa sauti yako: "Zuhura, hii ni chai au maji mliyosuuzia vikombe?" Watu walicheka. Shemeji Zuhura, mkeo, alicheka mpaka akaanza kulia upya. Wabeba jeneza nikawazuia njiani, nikawaambia huyu haendi popote mpaka anirudishie msasa wangu alioazima. Wakaniondoa kwa kunipa soda. Kila mtu alisema nimekuzika vizuri.

Shida ilianza baada ya hapo. Sauti yako ilinipotea. Nikijaribu kukukumbuka ukiongea, ninayemsikia ni mimi nikikuiga pale msibani, nimeifanya nene, nimeivuta mwishoni ili watu wacheke. Ya kwako yenyewe haiji. Hukuwahi kunitumia ujumbe wa sauti hata mmoja, ulikuwa unasema una sauti ya chura na kuandika kunakutosha. Shemeji ana video ya harusi yenu, lakini muziki umefunika kila kitu, unaonekana unafungua na kufumba mdomo tu kama samaki.

Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kukusikia, napo ni kwenye gemu tulilotengeneza pamoja.

Unakumbuka tulivyorekodi? Chumba cha nyuma cha duka lako la gemu, tumejifunika blanketi mbili ili kelele za barabarani zisiingie, jasho linatutoka. Wewe ulikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, anayewatoa wapagazi Tabora na kuwafikisha pwani. Mimi nilikuwa wapagazi wote. Mzee nilikuwa mimi, kijana nilikuwa mimi, yule wa kukohoa pia nilikuwa mimi. Kila kambi kirangozi anauliza, "Tumetimia?" Na wapagazi wanajibu, "Tumetimia!" Mchezaji akiwa ameacha mtu nyuma, kambi inanyamaza, na msafara hauondoki mpaka aliyeachwa akafuatwe. Hiyo ilikuwa akili yako, na nilikusifu, nikasema kumbe Wazaramo nao wanafikiri.

Watu wakalipakua kule kwenye duka la mtandaoni, wakalipenda. Kisha ukaja kwangu na wazo lako la pili. Uliponiambia kuna watu wanalipia gemu ambalo tayari wanalo kwenye mashine zao, ili tu walishike mkononi, nilidhani umeanza kuvuta bangi. Ukasema, "Kitu cha mtandaoni siku yoyote kinazimwa, Kashindye. Cha mkononi kinabaki." Tukatengeneza hamsini, basi. Biashara yenyewe ilikuwa hapo, kwamba zikiisha haziongezwi.

Kaseti za gemu uliziagiza kiwandani nje ya nchi, vidude vya kuchomeka kwenye mashine, vidogo kuliko kiberiti, kila kimoja kimechapwa namba yake. Ukazishona moja moja ndani ya kaniki, kwa sababu ulisoma kwamba wapagazi walilipwa nguo. Mimi nikatengeneza maboksi ya mninga, mbao nilizifuata mwenyewe Ulyankulu. Ulikuwa unanikabidhi vifurushi vimeshashonwa, mimi naviweka ndani, nafunga kifuniko, namwaga nta ya nyuki, nagonga muhuri na namba. Yaani wewe ndani, mimi nje.

Na ukanifundisha jambo lililonichekesha kuliko yote: wakusanyaji hawafungui. Boksi likikatwa nta, thamani imekwisha. Nikakwambia hao ni sawa na mtu anayenunua kitanda halafu analala chini. Lakini nikaelewa. Fundi yeyote anaelewa raha ya kitu kilichofungwa vizuri.

Mapato tuligawana sawasawa, sina neno hapo. Tangu mwanzo nilikuomba kitu kimoja tu zaidi, boksi namba moja liwe langu. Ulinipa mbele ya mkeo, kwa mikono miwili, ukasema, "Bila huyu punda msafara usingetoka." Nililiweka kwenye rafu juu ya makopo ya vanishi, na kila asubuhi nililifuta vumbi la mbao kabla sijashika msumeno.

Baada ya arobaini yako ndugu zako walifunga duka, mashine wakazipakia kwenye basi, wakaondoka nazo. Siwalaumu, ni mali ya marehemu wao. Haikupita muda, gemu likatoweka mtandaoni, na hata kwa waliolipakua likagoma kufunguka. Akaunti ilikuwa kwa jina lako na neno la siri ulikwenda nalo kaburini. Kilichobaki kikawa cha mkononi, kama ulivyosema.

Nikalishusha boksi namba moja. Nilipanga kulipeleka kwa vijana wenye mashine pale karibu na soko, niketi nikusikilize. Nikakata nta kwa patasi. Kaniki ilikuwa imeshonwa kwa mishono midogo midogo, safi. Nikafumua. Ndani kulikuwa na kipande cha mninga.

Nilikigeuza huku na huku nikidhani kaseti imefichwa humo. Haikufichwa. Ni ubao mtupu, na ubao wenyewe naujua, una ule mstari mweusi wa mbao iliyopasuka nikakataa kuitumia. Ulikiokota chini ya benchi langu. Ukakikata saizi ya kaseti, ukakilainisha pembe zote, ili nikikishika juu ya kaniki nisihisi tofauti. Na hapo ndipo nilipojua msasa wangu ulikwenda wapi.

Mke wangu alipoona aliangua kicheko. "Mzaramo amekuweza," akasema. Mzee wa kanisa letu naye akasema hivyohivyo, kwamba nikutane na wewe ahera tumalizane huko. Lakini mimi utani naujua, Shomari. Ukimficha mtu kiatu unakaa palepale umwone anavyohangaika, vinginevyo umemwibia tu. Humo ndani hukuacha hata alama ya kunicheka. Ulipiga msasa. Mtu anayetania hapigi msasa.

Halafu ikaja hofu. Muhuri ni wangu kwenye maboksi yote hamsini. Kama langu ni ubao, je, ya wenzangu? Nani angejua, wakati hawafungui? Nikaona heri niaibike kuliko kunyamaza, nikawaandikia wanunuzi wote kwamba ninaomba wafungue maboksi yao, na kwamba nina sababu ya kuogopa. Jina lako nililitaja. Ndiyo, nililitaja, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unashona.

Wengi walinitukana, kila mmoja kwa namna yake. Yule mfanyabiashara wa mchele wa Igunga alinipigia akasema, "Fundi, nilinunua kitu kwa sababu kimefungwa, sasa unaniambia nikifungue nione kama nilinunua?" Mjerumani alinitukana kwa adabu, sentensi ndefundefu. Daktari wa meno wa Mwanza alituma picha tu: nta imekatwa, kaniki imefumuliwa, kaseti ipo. Wengine wakafuata. Ipo. Ipo. Ipo. Kila jibu lilinipa ahueni na kunichoma hapohapo, kwa sababu nilianza kuona hesabu inakwenda wapi.

Mwisho akajibu yule wa Nairobi, mwenye boksi namba hamsini. Kaseti yake ipo, akasema, ila ina ajabu moja: imechapwa namba moja.

Nilimsihi anirudishie. Nikamwahidi kumtengenezea kwa mikono yangu chochote anachotaka, kabati, meza, hata kitanda alale juu yake. Akakataa kwa furaha. Kumbe kwa wakusanyaji kosa la namna hiyo ndilo linalotafutwa, hakuna mwingine duniani mwenye nalo. Ameiweka ndani ya kioo. Kuicheza haichezi. Akanishukuru kwa kumwambia afungue.

Basi nikaenda kwa shemeji. Alikuwa anachambua mchele barazani, binti yenu Sauda amekaa kwenye mkeka. Nikamwonyesha kipande cha ubao. Hakushtuka, maana hakujua kwamba ni siri. "Ah, hicho," akasema. "Ile ya mwisho aliikanyaga mwenyewe ikavunjika, na yule mnunuzi wa Nairobi alikuwa ameshaahidiwa. Alihangaika sana. Baadaye akasema, basi nitachukua ya Kashindye. Kashindye hafungui."

Kashindye hafungui.

Nimeyarudia maneno hayo mpaka yamekuwa kama sauti ya mashine ya jirani, siyasikii tena na hayanyamazi. Mtu wa Nairobi ambaye hujawahi kumwona sura ulimwogopa. Hukutaka akuone mwongo. Mimi niliyekaa nawe chini ya blanketi nikikukoholea kama wazee watatu, mimi ulinikatia ubao. Na ulijua nitaufuta vumbi kila asubuhi. Ulipita hapa mara ngapi, ukaniona na kitambaa mkononi, ukaagiza chai, ukaongea mambo mengine?

Ungeniambia. Ningekutukana wewe na ukoo wako wote mpaka Kisarawe, ningekuita tembo asiyejua anakokanyaga, halafu ningekupa. Ningekupa, Shomari, tena papo hapo, na ningeufunga mzigo wa Nairobi mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kaseti. Hukuniamini hata kwa kitu nilichokuwa tayari kukutolea.

Sasa biashara imekwisha. Hakuna mkusanyaji atakayenunua tena kitu chenye muhuri wangu, na wana haki. Narudi kwenye vitanda na milango. Watu wa milango wanaifungua na kuifunga mbele yangu kabla hawajaichukua, na nimeona kwamba napenda hivyo.

Juzi, mchana, yule daktari wa meno alinitumia ujumbe. Alisema kwa kuwa boksi limeshafunguliwa aliona heri acheze, na kwamba anadhani ningependa kusikia. Alikuwa amerekodi kwa simu, na ilikuwa sauti yako. Nilizima msumeno, nikawatoa wateja nje, nikakaa juu ya mbao.

Nilikuwa nakuiga vibaya. Sauti yako si nene hata kidogo, ni nyembamba, na mwishoni huivuti, unaikata haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nililia, sikufichi. Nililia kwa kukusikia na kwa kukuchukia. Ukauliza, "Tumetimia?" Na humo humo kwenye gemu nikajisikia nikikujibu, mzee, kijana na yule wa kukohoa, wote kwa pamoja, kwa imani kabisa: "Tumetimia!"

Nimesikiliza mara moja tu. Lakini nimeihifadhi, na hapa nakuahidi kitu. Sauda akikua, akiuliza baba yake alikuwa anaongeaje, nitampa hiyo, si ile yangu ya msibani. Nitamwambia ulikuwa mcheshi na ulikuwa na akili, maana ni kweli. Kuhusu boksi nitamwambia pia, akiwa mkubwa wa kutosha kukasirika na bado akakupenda. Mimi sijafika huko. Kipande chako cha mninga nimekirudisha ndani, na boksi liko palepale juu ya makopo ya vanishi, kifuniko wazi. Asubuhi nalipita bila kulifuta.

Kofia yako nimempelekea shemeji. Msasa nimekusamehe.

Nenda salama, mtani. Na kama huko uliko kuna kambi, na bado wewe ndiye unayetangulia na kuuliza, usiwaondoe watu bado. Kuna mmoja hajajibu.

Kashindye