Mashine Inayokosea Jina la Stanslaus

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Kibao cha tatu kimeharibika. Alumini nzuri kabisa! Mashine yetu ya kuchongea iliandika S, T, A — ikaruka. Kisu kikatoka kwenye mstari, kikakwaruza hadi pembeni, kisha kompyuta yake ikadai mashine imegonga ukingo, ikasimama. Haikugonga chochote.

Haikuwahi kufanya hivi mume wangu Stanslaus akiwa hai. Tangu alipoanguka na pikipiki Genkuru, wiki ya sita sasa, haijamaliza kuchonga hata puli moja ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Utadhani nayo inaomboleza. Upuuzi! Anayeomboleza ni mimi.

Shemeji Nikolaus alisimama mlangoni, mikono nyuma. Jumamosi tunasimika msalaba wa kaka yake, kasema, na kibao cha jina kichongwe hapahapa. Mashine ikishindwa kuandika hata jina la mwenyewe, basi Omondi aje na gari lake airudishe Kenya, Migori alikoitoa. Kijiji kizima cha Kerende kiko kwenye kuchimba dhahabu, eti mimi na kompyuta yangu tunangoja nini?

Nilimgeuzia mgongo. Spana ilikuwa karibu mno.

Stanslaus alinifundisha mashine hii kwa miaka minne. Ikiondoka, sina tena mahali pa kumkuta.

Jumanne, 3 Agosti 2021

Nimelilaumu karasha la jirani yetu, mzee Simioni. Likianza kusaga mawe, hata taa zetu hufifia. Nimeenda, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akalizima nusu saa, na wateja wamekaa juu ya viroba vyao vya mawe! Kasema kwa ajili ya Stanslaus angezima hata siku nzima.

Kimya kabisa. Nikawasha mashine. S, T — ikaruka.

Nilirudi kumshukuru mzee nikiwa natazama chini.

Mchana nimempigia Omondi. Ndiye aliyetuuzia mashine, na ndiye atakayeibeba. Hata hivyo alinisikiliza. "Pole sana madam. Hiyo ni noise tu, kelele ya stima inayovuruga kompyuta. Umecheki earth?" Nikamjia juu. Ethi, ule waya wa kwenda ardhini, aliiweka Stanslaus kwa mkono wake, hiyo haina kasoro! Basi, akasema, nitenganishe nyaya: za mota mbali, za kompyuta mbali.

Jumatano, 4 Agosti 2021

Leo jaribio. Mota ya kisu nimeizima, nikaiacha mashine itembee juu juu bila kugusa kibao. Ikaandika jina lote, Stanslaus Waitara. Hewani. Hakuna kosa hata moja! Nikairudia mara tatu. Ile ya tatu haikuwa jaribio, nilitaka tu kuliona tena.

Nikiwasha mota — inaruka. Kwa hiyo kelele inatoka humuhumu kwetu, nami nimemsumbua mzee wa watu bure.

Nimefumua nyaya zote. Alizifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, fundo baada ya fundo, mafundo yake yale yale ya kukaza mara mbili. Nimeyakata yote. Za mota nimezipitisha kulia, za kompyuta kushoto. Ikafika N, ndipo ikaruka. Nafuu ipo. Lakini msalabani hakuandikwi nafuu.

Alhamisi, 5 Agosti 2021

Nimeipata! Heri nisingeipata.

Asubuhi nilifunga balbu kati ya waya wa moto na ethi. Ethi ikiwa nzima, balbu inawaka. Haikuwaka. Nikaufuata waya wa ethi hadi unapotokea nyuma ya karakana, nikauvuta kidogo — ukanijia wote mkononi. Hatua mbili tu. Mwisho wake umekatwa kwa panga.

Na pale ulipokuwa unaelekea ni kaburini kwa Stanslaus.

Kila Jumatatu ya kiangazi Stanslaus alisimama pale na ndoo ya maji ya chumvi. Nilimtania: unamwagilia chuma, kitaota? Akanieleza kwamba ardhi ikikauka, nondo ya shaba iliyo mwisho wa waya wa ethi haishiki, na umeme mchafu wa mota unakosa pa kwenda, unarudi kuvuruga kompyuta. Nilijua! Yote hayo nilijua. Na siku ya mazishi wazee waliponiuliza alazwe wapi, nikanyoosha kidole: pale, anapopenda kusimama. Nilimwona yeye na ndoo yake. Nondo sikuikumbuka.

Nikolaus nimemuuliza. Kakiri bila shida. Walikuta chuma, wakadhani kigingi cha zamani, wakakata waya, wakaking'oa, wakakifukia pamoja na udongo. Kiko naye chini.

Nimelia mbele ya shemeji, jambo nililoapa sitalifanya.

Ijumaa, 6 Agosti 2021

Nondo mpya nimeipata Nyamongo. Lakini ardhi ya boma imekauka kama tofali, nyundo inadunda tu. Nikachukua jembe nilainishe upande wa zizi. Mama mkwe, mama Boke, akatoka mbio. Hapana! Katika boma hili jembe halishuki mpaka msalaba wa mwanawe usimame. Ndivyo alivyofanyiwa baba yao.

Bila ethi hakuna jina. Bila jina, kesho mashine inapanda gari. Nikamwambia mama yote — waya, ndoo, chumvi, hata kile kidole changu. Akaingia ndani.

Najichukia leo.

Jumamosi, 7 Agosti 2021

Saa mbili asubuhi mama aliniita nyuma ya karakana. Kasimama miguuni pa kaburi. "Udongo wa hapa bado laini, mwanangu. Nilikataza jembe. Nyundo sikuikataza."

Nikamwambia, mama, siwezi kumgongea mtu aliyelala. Akasema huyu tangu mtoto usingizi wake mzito, gonga. Tukacheka. Halafu hatukuweza tena kucheka. Kila pigo nilisema samahani.

Waya nimeuunga. Balbu imewaka, hafifu. Udongo huu laini haushiki vizuri.

Sasa saa nne. Mchungaji anangojwa. Gari la Omondi limeegeshwa kinyumenyume mlangoni, kamba ziko tayari. Nikolaus anatazama saa yake. Kibao hiki ndicho cha mwisho. Naandika ili nisiitazame mashine.

S, T, A. Imepita N!

Kwa mzee Simioni karasha limeanza kunguruma. Leo sikumwomba azime.

S. Imetetemeka kidogo — imeendelea. Ardhi inahitaji maji na mimi siwezi kuondoka hapa. L. Nimechungulia dirishani nimwite mtu yeyote, hata Nikolaus. Mama mkwe yuko pale tayari, miguuni pa mwanawe, na ndoo. Anaonja maji kwa kidole kama yana chumvi ya kutosha. Anamwaga.

Inaanza A, safari hii bila kutetemeka.