Kompyuta Tuliyoificha Chini ya Mchicha

Baba yangu mkwe,

Shikamoo. Watu wataona ajabu mwanamke aliyeachwa kumwandikia baba wa yule aliyemwacha, naye baba mwenyewe ni marehemu. Lakini wewe hukuwa mtu wa kujali watu wanaona nini, na maradhi hayo umeniambukiza.

Nataka kukukumbusha siku ile uliyokuja kwetu Jang'ombe. Eda yangu ilikuwa imekwisha juzijuzi tu. Nilikuwa nimerudi kwa mama na mwanangu Salma, tunalala kwenye chumba kile kile nilichotoka nikiwa bibi harusi. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kutafsiri vitabu vya afya kutoka Kiingereza, kazi ya kufanyia nyumbani, ila kwa sharti moja: niwe na laptop yangu mwenyewe. Nikauza bangili zangu. Zilitosha laptop moja, tena ya bei ya chini, na majina yalikuwa mengi na kila mtu ana lake la kusifia. Nikikosea kuchagua, sikuwa na kitu kingine cha kuuza, na kazi ingekwenda kwa mwengine.

Yote hayo ulikuwa umeshayasikia, maana Unguja habari haina haja ya gazeti. Ukabisha hodi, ukakataa hata kahawa.

"Nnasikia wataka kununua kompyuta," ulisema. "Mie sijui hata inawashwa wapi. Lakini kuuliza najua. Vaa buibui lako twende."

Mama akakuvuta pembeni. Alidhani ananong'ona, maskini. "Bwana Seif, watu watasemaje? Huyu keshaachwa."

Wewe hukunong'ona. "Talaka katoa mwanangu. Mie sijatoa. Ukwe hauna talaka, muulize sheikh yeyote umtakaye."

Nilikuwa nalijua hilo tangu chuo cha Kurani, kwamba baba wa mume hubaki maharimu wa mke wa mwanawe, asiyeweza kumwoa, mpaka kufa, ndoa iwepo isiwepo. Nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua kitu alichokariri. Siku ile nililiona limevaa kanzu na kofia, limesimama ukumbini kwetu, linanihimiza nifanye haraka. Nilikuwa nimekwishaamini kwamba pamoja na mume nimepoteza na baba. Nilifunga ushungi mbiombio kwa furaha.

Baba, ulinitia aibu Darajani! Kila mwenye duka aliapa kwamba jina analouza yeye ndilo lenyewe na lile la jirani yake ni gamba tupu. Wewe hukuuliza habari za kasi wala ukubwa wa kitu gani sijui ndani. Ulikuwa na swali lako moja: "Ikifa, inazikwa wapi?"

Kijana wa duka la kwanza alikuwa na laptop mpya, nyembamba, rangi ya fedha, inang'aa mpaka unajiona uso. "Hii haifi, mzee!"

"Basi si ya dunia hii," ukasema, ukashukuru, ukatoka.

Duka la pili walikuwa nazo zilizotumika, zimetoka Dubai. Ile waliyotuonyesha ilikuwa inawaka vizuri, picha safi, na bei yake ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia. Ukamwambia muuzaji, "Hebu chomoa huo waya."

"Ya nini, mzee? Umeme upo."

"Leo upo."

Akachomoa, na kioo kikazimika papo hapo. Akasema betri imelala tu. Ukamtazama kwa huruma. "Imelala au imekufa? Aliyelala huamshwa." Duka zima lilicheka, mimi nikavuta ushungi mpaka puani.

Njiani tukakutana na kaka yangu. Alipoona tumeshazunguka asubuhi yote na mikono mitupu, akatuchapa na methali: mchagua jembe si mkulima. Ukamjibu, "Jembe halina betri, mwanangu. Nenda zako."

Duka la tatu lilikuwa la bwana mmoja mnene asiye na maneno. Alikuwa nayo laptop nyeusi, nene, nzito, sura yake kama tofali. Ukamuuliza swali lako la mazishi. Akasema ikiharibika fundi wake yuko Michenzani na vipuri anavyo. Akachomoa waya kabla hujamwambia, nayo ikaendelea kuwaka. Nilikuona umeshapendezwa. Nikasubiri uamue.

Hukuamua. Ukakaa kwenye kibao cha duka, ukafuta jasho, ukasema, "Mie nshauliza yangu. Sasa chagua wewe."

Hujui ulichonifanyia kwa maneno yale. Mume nilichaguliwa. Kitanda nilichaguliwa. Hata jina la Salma alilichagua mwanao Hamdu, mimi nikaambiwa baada ya watu wa nje. Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Halafu nikakumbuka kwamba miaka ya themanini, kabla sijaolewa, nilikuwa karani wa taipu ofisini, na vidole vyangu havikuwahi kumwomba mtu rukhsa. Nikafumba macho nikaandika juu ya ile nyeusi. Nikakuomba turudi duka la kwanza, na wewe ukanyanyuka bila ya kulalamika, magoti yako yakilia. Ile nyembamba vitufe vyake vilikuwa vyepesi mno, vinateleza, kidole hakijui kama kimefika. Ile nyeusi kila nikibonyeza naona nimeandika. Nikasema, "Baba, nataka tofali."

"Haya. Umeshachagua, usigeuke nyuma."

Ukanunua kikapu cha ukili na mafungu ya mchicha, tukailaza laptop chini na mboga juu, tusije tukapigwa jicho. Tukapita mbele ya baraza za watu wa Jang'ombe, kila mmoja akiuliza tumetoka kununua nini. "Mboga," ulijibu, na kikapu kimekuinamisha bega upande mmoja. Bi Asha jirani akasema mchicha wa siku hizi mzito kweli.

Na lile la kitambaa sijalisahau. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kwa hiyo na laptop nikaishonea cha maua. Siku moja nikaiacha inawaka juu ya godoro, nikaifunika vizuri, nikaenda jikoni. Niliporudi imezimika, ina moto kama pasi, na ndani yake mna kitabu kizima ninachotakiwa kukipeleka. Nilikupigia simu nalia. Nilikuwa na hakika kwamba nimechagua vibaya, na kwamba mwanamke kama mimi hakupaswa kuachiwa achague.

Ulikuja umevaa kikoi, kichwa wazi. Sijawahi kukuona njiani bila ya kofia, si kabla wala si baada. Ukaiwekea kiganja kama unavyomwekea mtoto kipaji cha uso. "Ina homa hii," ukasema. "Mvue nguo."

Tukaiweka juu ya sakafu ya saruji, Salma akaipepea na kipepeo cha jikoni. Ilipopoa ikawaka, na kitabu kimo, hakuna hata neno lililopotea. Nilingoja unicheke. Ukasema tu, "Na mie ningeifunika," ukanywa chai ukaondoka.

Baba, nimetafsiri vitabu vingi tangu siku ile. Salma amesoma kwa kazi hiyo. Nakushukuru kwa kuniulizia, nakushukuru zaidi kwa kuninyamazia.

Lakini kuna jambo moja hulijui, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Siku ya msiba wako nilifika nyumbani kwenu mjini nikasimama mlangoni na viatu mkononi. Ndani mlikuwa na wifi zangu wa zamani, na kati yao mke wa sasa wa Hamdu, ambaye tulikuwa hatujawahi kupeana hata salamu. Sikujua mimi ni nani kwenye nyumba ile. Nikatafuta pembe ya mkeka karibu na mlango, wanapokaa majirani.

Akanyanyuka yeye. Akanijia huku watu wote wanatutazama, akanishika mkono.

"Baba kaniusia," akasema. "Kanambia, mwanangu wa Jang'ombe akija, usimwache mlangoni. Pita, dada."

Akaniweka pale alipokuwa amekaa yeye, katikati ya wanao. Yeye akarudi akakaa mlangoni. Ndipo nilipokulilia, Baba, kwa sauti, kama mzazi anavyoliliwa.

Mola akupe nafasi njema huko kama ulivyonipa mimi hapa.

Mimi mkweo,
Mama Salma